Adabu ya Kubakiza

Katika nyumba nyingi za wakulima wa nchi hii, juu ya mafiga, penye moshi, huning'inizwa mahindi ya mbegu. Moshi huyapaka weusi na kuyakinga na fukusi. Miezi ya njaa ikiingia ghala huwa tupu, na watoto hulala kwa uji mwepesi huku wakiyatazama mahindi yale juu ya vichwa vyao. Hata hivyo hayaguswi. Mama hana kufuli wala askari, na hakuna sheria ya Bunge inayomzuia kuyashusha na kuyatwanga. Kinachomzuia ni neno moja alilolisikia tangu utotoni: mbegu haziliwi.

Ningependa tulitafakari neno hilo, kwa sababu ndani yake mna swali kubwa kuliko linavyoonekana. Mama yule anamnyima mtoto aliye mbele yake, mwenye njaa ya leo, kwa ajili ya mavuno ambayo hayajaota. Mgeni asiyejua kilimo angeweza kumwita katili. Sisi tunajua kwamba hapana upendo uliopita huo. Anajua kwamba mtoto wa leo ndiye atakayekuwa na njaa mwakani, na kwamba anayekula mbegu anawalisha wanawe siku mbili na kuwafisha njaa mwaka mzima.

Siku hizi yanasemwa mengi juu ya kuhifadhi mazingira. Husemwa na wataalamu kwa hesabu, na viongozi kwa maagizo, na mashirika kwa mabango. Yote hayo yana faida. Lakini mara nyingi jambo lenyewe huelezwa kana kwamba ni elimu mpya iliyokuja kutoka mbali, na kwamba familia ya Kitanzania inapaswa kuketi chini na kufundishwa mwanzo hadi mwisho. Maoni yangu ni kwamba kiini cha hifadhi ni adabu ya zamani, nayo ni adabu ya kubakiza: kuchukua kinachotosha na kuacha kinachoendeleza. Adabu hiyo haikuzaliwa ofisini. Ilizaliwa nyumbani, na isipolelewa nyumbani hakuna ofisi itakayoweza kuilea.

Tuangalie kwanza mfano mmoja wa nchi yetu wenyewe. Wasukuma na majirani zao Wanyamwezi walikuwa na desturi ya kutenga sehemu ya malisho na kuiita ngitili. Mvua zilipoanza, nyasi zilipokuwa tele na ng'ombe wanaweza kulisha popote, sehemu ile ilifungwa. Nyasi zake ziliachwa zikue, zikomae na kukauka zikiwa zimesimama, na miti yake iliachwa ichipue. Kiangazi kilipokuwa kikali, malisho ya nje yalipokwisha na ardhi ilipobaki vumbi, ndipo ngitili ilipofunguliwa, tena kwa awamu, kipande baada ya kipande. Waliotangulizwa walikuwa ng'ombe wa kulimia, ndama na wanyama waliodhoofika. Zilikuwapo ngitili za familia na ngitili za jumuiya, na aliyevunja mwiko wake alijibu mbele ya wazee katika mkutano ulioitwa dagashida.

Msomaji atafakari jinsi desturi hiyo ilivyopangwa. Ngitili ilifungwa wakati wa neema. Katika siku za dhiki kila mtu huwa mwekevu, kwa kuwa hana cha kutapanya. Hiyo ni lazima, wala si adabu. Adabu hupimwa siku ambayo mkono unafika, tumbo linataka, hakuna anayetazama, na bado mtu anasema: hapa basi. Waliobuni ngitili walilijua hilo, wakaufanya wakati wa neema kuwa ndio wakati wa kujizuia.

Desturi hiyo ilikaribia kufa, na sababu zake zafaa kukumbukwa. Tangu miaka ya 1920 utawala wa kikoloni ulifyeka mapori mengi ya Shinyanga ili kumfukuza mbung'o. Kilimo cha pamba kikapanuka na kuhitaji mashamba mapya. Mifugo ikaongezeka. Kisha, katikati ya miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji, familia nyingi zilitengwa na ngitili zao; kilichokuwa na mwenyewe kikawa hakina mlinzi, na kisicho na mlinzi kila mtu alikivamia mapema kabla mwenziwe hajakivamia. Ilifika hali ya Shinyanga kuitwa jangwa la Tanzania. Kuni zilitafutwa mbali, na penye uhaba wa kuni samadi ya ng'ombe, ambayo ingerutubisha shamba, ilichomwa jikoni. Hivyo ukosefu wa mti ukazaa ukosefu wa chakula.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI. Wakati huo ngitili zilizojulikana kuwa zimesalia zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Mradi ulianza kwa vitalu vya miche, lakini baadaye ukagundua jambo la busara: kwamba wananchi walikuwa tayari wanayo njia yao, na kazi iliyobaki ilikuwa kuiheshimu na kuirudisha. Familia zikatenga tena vipande vyao. Vijiji vikaweka sheria ndogo. Dagashida ikapewa nafasi yake. Visiki vilivyodhaniwa kuwa vimekufa vikachipua, kwa maana mizizi ilikuwa hai chini ya ardhi ikingoja kuachwa tu. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800 vya Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo. Kuni zikawa karibu, asali na dawa za miti shamba zikarudi, na akina mama wakapunguziwa safari.

Habari hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mazingira yaliyoharibika yaweza kupona, na sehemu kubwa ya tiba ni kujizuia. La pili ni kwamba Serikali iliweza kusaidia, lakini haikuweza kufanya badala ya familia. Katiba yetu, katika Ibara ya 27, inamtaka kila mtu kulinda mali asilia ya Jamhuri ya Muungano. Maneno hayo ni mazito na ya haki. Hata hivyo Katiba haiwezi kusimama mlangoni mwa kila zizi alfajiri kuangalia ng'ombe wanapelekwa wapi. Anayesimama hapo ni baba, au mama, au kijana mchungaji. Sheria huonyesha mpaka. Ni malezi yanayomfanya mtu auheshimu mpaka wakati haonekani.

Sasa tutoke malishoni tuingie jikoni, kwa kuwa si kila familia ina ng'ombe lakini kila familia hupika. Moto wa mafiga matatu, ukiwa wazi kwa upepo, hupoteza sehemu kubwa ya joto lake hewani. Kwa hiyo mambo ambayo huonekana madogo ni mambo ya msitu. Anayeloweka maharage usiku kucha kabla ya kuyapika huchoma kuni chache kuliko asiyeloweka. Anayefunika chungu, anayepasua kuni na kuzikausha, anayezungushia mafiga ukingo wa udongo, anayeuzima moto chakula kinapoiva badala ya kuuacha ujifie, kila mmoja ameacha mti umesimama mahali fulani, ingawa hatauona.

Mkaa ni zaidi. Katika tanuri la kawaida la kufukia kwa udongo, tani moja ya mkaa aghalabu hutokana na tani sita hadi kumi za miti. Anayenunua gunia mjini haoni miti hiyo, anaona gunia. Kwa sababu hiyo makaa yanayosalia baada ya chai kuiva, ambayo wengi huyaacha yageuke majivu, yafaa yazimwe na kutumiwa kesho. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unakusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo. Familia yenye uwezo wa kubadili jiko na ibadili. Isiyo na uwezo bado ina jiko lake la leo, na adabu ya kulitumia haihitaji mtaji.

Mkazi wa mji aweza kudhani kwamba maneno haya ni ya vijijini. La hasha. Tuchukue Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka katika Mto Ruvu, na Mto Ruvu una vyanzo vyake vikuu katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Mkaa wa jiji hilo nao kwa miaka mingi umetoka katika mapori ya Pwani, Morogoro na mikoa mingine ya jirani. Basi jiji linanyoosha mikono miwili kuelekea upande mmoja: mkono mmoja unaomba maji, na mwingine unachukua miti inayoyatunza maji hayo. Mwezi Oktoba 2022, mvua zilipochelewa na kina cha Ruvu kiliposhuka, mgao wa maji ulitangazwa jijini. Siku hizo mkazi wa ghorofa na mkazi wa chumba cha kupanga walishika ndoo sawasawa, na wengi walikumbuka kwamba bomba si chanzo cha maji. Nyumba inayokinga maji ya mvua, inayomwagilia mgomba kwa maji yaliyooshea mboga, inayokaza bomba linalovuja usiku, haisubiri mgao ndipo ijifunze.

Kuhusu taka, historia imetufanyia mzaha. Wazee wetu walikwenda sokoni na kikapu cha ukindu, wakabeba nazi katika pakacha, wakachukua maji katika kibuyu. Vyombo hivyo vilipochakaa vilirudi udongoni bila ya kumsumbua mtu. Ikaja mifuko ya plastiki, tukakiona kikapu kuwa ni alama ya ushamba. Mifuko ikaziba mitaro, ikaelea baharini, ikaliwa na ng'ombe na mbuzi. Hatimaye, tarehe 1 Juni 2019, Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na watu wakaenda kutafuta vikapu. Sheria ile ilikuwa njema na ya lazima. Lakini yafaa tuone haya kidogo kwamba jambo alilolijua bibi bila ya kusoma, sisi tulirudishiwa na Serikali baada ya kusoma sana. Utamaduni wa taifa si ngoma na mavazi ya sikukuu pekee. Ni pia chombo ambacho mtu anakichukua mkononi anapokwenda sokoni.

Hapo hapana budi tuyasikilize mashaka ya msomaji, kwa maana hoja isiyojibu mashaka ni hotuba tupu.

Shaka la kwanza ni hili: familia yangu moja ina uzito gani? Nikiloweka maharage, jirani halowki; nikiacha mti, mwingine ataukata jioni. Kwa nini nijinyime ili mwingine afaidi? Swali hili ni la haki, nalo ndilo lililoua ngitili zilizokosa wenyewe. Wengi hulijibu kwa methali ya haba na haba hujaza kibaba. Jibu hilo ni la kweli lakini halikamiliki, kwa sababu lapima wema kwa ujazo wa kibaba tu. Kuna jibu jingine. Mtu asiyeiba sokoni haachi kuiba kwa kuwa ametumaini kwamba mfano wake utamaliza wizi wote duniani. Anaacha kwa sababu hataki kuwa mwizi. Vivyo hivyo, anayechukua kupita haja yake katika kilicho cha wote amewapunja wenziwe, hata kama wenziwe nao wanapunja. Kosa la wengi haligeuki kuwa haki kwa sababu ya wingi wao. Zaidi ya hayo, Shinyanga imeonyesha kwamba jirani naye hutazama. Familia moja ikifunga ngitili na ng'ombe wake wakavuka kiangazi wamenawiri, hakuna mahubiri yatakayomshinda ng'ombe yule.

Shaka la pili ni zito zaidi. Husemwa kwamba ni dhuluma kumwambia maskini abakize, ilhali moshi unaobadili hali ya hewa ya dunia umetoka zaidi katika nchi zilizoendelea kwa viwanda, na wanaovuna misitu kwa malori si mama mwenye mzigo wa kuni kichwani. Hilo ni kweli, na atakayeandika juu ya wajibu wa familia akanyamaza juu ya wajibu wa wakubwa ameandika nusu ya jambo. Mkubwa adaiwe kwa kadiri ya ukubwa wake. Lakini tusikubali hoja hiyo igeuke kuwa ruhusa. Mmomonyoko wa shamba langu hautangoja kesi ya mataifa iamuliwe. Korongo linalokatika nyuma ya nyumba hulichukua shamba la maskini kwanza, kwa kuwa tajiri atanunua chakula kutoka kwingine. Kwa hiyo maskini anapobakiza hamtumikii tajiri. Anailinda mali ya pekee aliyo nayo. Na anayetunza chake ana sauti ya kumkemea anayeharibu.

Tena, tusisahau haki ndani ya nyumba yenyewe. Pori linaporudi nyuma kilomita moja, si baba anayeongezewa safari. Ni mama na binti. Saa ambazo msichana hutumia kutafuta kuni na maji ni saa zilizotolewa katika daftari lake. Baba anayesema kwamba anawapenda binti zake, kisha akakataa kupanda miti ya kuni mpakani mwa shamba kwa kuwa kuni ni kazi ya wanawake, hajaelewa alichokisema. Katika jambo hili hifadhi ya mazingira na haki ya mwanamke si mambo mawili.

Shaka la tatu ni la wanafalsafa, nalo wanafunzi wa sekondari hulipenda: twawezaje kuwa na deni kwa mtu ambaye hajazaliwa? Hatujakopa chochote kwake, hana jina, hawezi kutushtaki wala kutushukuru. Hakika, deni la kawaida lina watu wawili wanaojuana. Lakini tujiulize tulivyopata sisi tulivyo navyo. Mwembe tunaoketi chini yake haukupandwa nasi. Aliyeupanda huenda hakula embe lake hata moja, na hatuwezi kumlipa, kwa maana hayupo. Mbegu za mtama tunazopanda zilichaguliwa na mikono ya watu wengi, mavuno baada ya mavuno, ambao majina yao yamesahauliwa. Basi deni tunalo, na tunadaiwa na wafu. Wafu hawapokei malipo. Njia moja tu imebaki ya kulilipa: kuwapa watakaokuja kama tulivyopewa na waliotangulia. Familia ndiyo mahali ambapo watu hao watatu hukutana, aliyekufa, aliye hai na ambaye hajazaliwa, na ndiyo maana naiita shule ya kwanza ya hifadhi.

Shule hiyo ilikuwa na masomo yake, na mengine yangali yanajulikana. Mrina asali mwenye adabu hasafishi mzinga wote. Huacha masega ili nyuki wasihame. Mchimba dawa huchimba mzizi wa upande mmoja, akaufukia, ili mti usife. Mvuvi aliyelelewa vema huwarudisha samaki wachanga majini. Watu hawa hawakukutana katika warsha. Kila mmoja, katika kazi yake, alifikia kanuni ile ile ya mama wa mahindi ya mbegu.

Walimu wanayo nafasi ya pekee katika jambo hili. Kupanda miti siku ya sherehe ni vizuri, lakini mche uliopandwa mbele ya mgeni rasmi na kuachwa ukauke wiki ya tatu humfundisha mtoto unafiki. Afadhali darasa moja lipande miche michache na kuimwagilia hadi ishike, likiandika katika daftari imekua kiasi gani na ipi imekufa na kwa nini. Afadhali mwanafunzi atumwe nyumbani kumwuliza babu au bibi: mlikuwa mkiacha nini, na wakati gani, na nani alimwadhibu aliyevunja? Majibu yakikusanywa, shule itakuwa na kitabu cha hifadhi kilichoandikwa na kijiji chake. Na mwanafunzi asiogope kuleta nyumbani alichojifunza, kwa adabu na heshima. Mtoto anayemwambia mama yake, "Mama, mkaa huu bado una moto, niuzime tutumie kesho," hajamvunjia mzazi heshima. Amejiunga na kazi ya kulinda nyumba.

Hatimaye turudi kwenye moshi wa jikoni. Mvua ya kwanza ikinyesha, mama hupanda juu ya kigoda na kuyashusha mahindi yale meusi. Watoto waliokuwa wakiyatazama kwa njaa sasa wanaitwa kuyapukuchua. Punje hupita katika vidole vyao, na bila ya kuambiwa wanaelewa kwa nini hawakupewa. Somo hilo halihitaji ubao. Lakini lahitaji kwamba mtu mzima awe ameyaning'iniza mapema, katika siku za shibe, na kwamba katika siku za njaa asiyashushe. Misitu, mito na ardhi ya nchi yetu ni mbegu ya namna hiyo hiyo. Kila familia inayo sehemu yake juu ya mafiga.